Mti wa Sentimita Ishirini na Sita

Karatasi ilisema msitu wa Palokangas una miti mia saba na minne. Irja Tolvanen aliisoma mara ya kwanza akiwa amesimama. Akaketi, akaisoma tena. Mara ya tatu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya aproni, akaivaa. Miti ilikuwa bado mia saba na minne, na mingi kati yake ilikuwa na unene wa sentimita ishirini na nne mpaka ishirini na nane.

"Hii ni miti ya nani?" akauliza.

"Ni yenu, mama," akajibu Henna Piironen, binti wa ofisi ya misitu aliyeileta karatasi ile asubuhi hiyo pamoja na kompyuta yake ndogo. "Ni yako na ya mdogo wako."

Mdogo wake, Veijo, alikuwa upande wa pili wa meza akichovya mkate wa iliki kwenye kahawa. Alikuja jana yake kutoka Lahti, mwendo wa siku nzima kwenye gari, na goti lake bovu lilikuwa limenyooshwa juu ya kiti kingine kama mgeni wa tatu.

"Soma ukurasa wa mwisho, dada," akasema. "Huko ndiko kwenye maneno."

Irja alikwisha kuusoma. Ukurasa wa mwisho ulisema: msitu umefikia unene wa kuvunwa, ukatwe wote, mara moja, msimu huu.

Sasa ni lazima ijulikane kwa nini ukurasa ule ulimkaa kooni. Masika yale, barafu ilipokuwa inaondoka ziwani, Irja na Veijo waligombana juu ya Palokangas. Ni hekta mbili na kidogo, nyuma ya nyumba, ng'ambo ya kinamasi, na baba yao aliwaachia wote wawili pamoja. Veijo alitaka kuuza miti. Jumba analokaa kule Lahti lilikuwa linabadilishwa mabomba yote, ya maji safi na ya maji machafu, na kila mwenye chumba anatoa fungu lake, atake asitake. Irja hakutaka. Yeye ndiye anayeishi pale. Dirisha lake la jikoni linatazama Palokangas, na alikuwa na umri wa miaka sabini. Ukikatwa wote leo, angeangalia visiki mpaka siku ya kuzikwa. Waligombana Jumapili mbili, wakanuniana ya tatu, na ya nne wakapeana mkono juu ya meza hiyo hiyo: aitwe mtaalamu, atengeneze mpango, na mpango utakavyosema ndivyo watakavyofanya, bila kunung'unika. Na kule kwao Nurmes mkono ukishatolewa umetolewa. Watu wamegawana mashamba kwa mkono tu, wakaoana kwa mkono tu, na aliyerudisha mkono wake nyuma hasahauliki hata kwa wajukuu.

Basi Irja hakuuliza habari ya kukata. Aliuliza habari ya miti.

"Nani aliyeipima?"

Henna aliweka kikombe chini. "Haikupimwa kwa mkono, mama. Mwaka juzi ilipita ndege, ikapiga mwanga juu ya misitu yote ya huku. Mwanga ule unatuambia urefu wa msitu na jinsi ulivyoshonana. Kutoka hapo tunapata unene wa wastani. Halafu programu inaunda miti inayolingana na wastani huo, mmoja mmoja, kila mti na unene wake na urefu wake. Kisha tunaikuza ndani ya kompyuta, miaka mitano, mingine mitano, mpaka hamsini, tuone lini ni bora kukata."

"Inaunda."

"Inaunda, ndiyo."

"Kama mtu anavyounda uongo?"

"Dada!" akasema Veijo.

Henna aliona haya lakini hakukwepa. "Hapana, mama. Ni kama fundi viatu aliyepima miguu ya watu wengi. Ukimwambia umri wako na urefu wako, atakisia mguu wako. Programu imefundishwa kwa miti maelfu na maelfu iliyopimwa zamani, msituni kweli, kwa mkono."

"Na nani?"

"Sijui. Na watu wa zamani."

"Mimi ndiye watu wa zamani," akasema Irja.

Na ilikuwa kweli. Miaka thelathini na moja alizunguka na kikosi cha wapima misitu, kuanzia Kuhmo mpaka Ilomantsi, mwanamke peke yake kati ya wanaume watano, akilala kwenye vibanda vya wakata miti, akipima miti mpaka anaiota. Kama programu ile ilifundishwa kwa miti ya huko, basi baadhi ya masomo yake yalitoka mkononi mwake.

"Basi ikiwa mimi ni mwalimu wake," akasema akiinuka, "mwanafunzi huyu kanisikiliza vibaya. Vaeni mabuti. Twende Palokangas, na huyu binti anionyeshe mti mmoja wenye unene wa sentimita ishirini na sita. Mmoja tu. Akiuona, mimi nakaa kimya."

"Na goti langu?" akasema Veijo.

"Goti lako lilitoka Lahti mpaka hapa kufuata kuni. Litavuka kinamasi."

Walivuka kwa mbao zilizolazwa juu ya matope, Irja mbele, Henna katikati, Veijo nyuma akilaani kila ubao kwa jina lake. Palokangas ilikuwa imetulia. Misonobari mikongwe, ile iliyopona moto wa siku za babu yao, ilisimama mbalimbali, magome yake mekundu na mapana kama ngozi ya mkono wa mvuvi. Chini yake ilijaa mikuusi michanga, ndugu za misonobari, yenye umbo la mwavuli uliofungwa, myembamba, imebanana kama watoto kwenye mlango wa duka la peremende.

Irja alimpa Henna kalipa yake ya zamani, ile rula ndefu yenye mikono miwili inayoubana mti kutoka kushoto na kulia. "Haya, mwanangu. Tafuta."

Henna alianza na msonobari. Arobaini na moja. Akaenda kwa mwingine. Thelathini na nane. Akaenda kwa mkuusi. Kumi na moja. Mwingine, tisa. Mwingine, kumi na tatu. Alizunguka nusu saa, koti limejaa nyuzi za buibui, na kadiri alivyozunguka ndivyo alivyokuwa anatembea polepole zaidi. Mnene ulikuwa mnene sana na mwembamba ulikuwa mwembamba sana. Mti wa katikati haukuwapo.

"Umeuona?" akauliza Irja.

"Bado."

"Tafuta tu. Kwenye karatasi imo mia nne."

Veijo alikuwa ameketi juu ya jiwe. "Sasa ajabu iko wapi? Wastani ni wastani. Ukijumlisha minene na myembamba si unapata ya katikati?"

Irja alimgeukia. "Wee Veijo, kwenye mazishi ya mama walikuja mabibi wa miaka themanini na vijukuu vya miaka minne, unakumbuka? Sasa aje mtu apige wastani aseme, mazishini walikuwapo watu wa miaka arobaini na mbili, wote wako tayari kwa kazi, wapelekeni kiwandani. Utampeleka nani? Bibi Hilma na fimbo yake, au yule mtoto aliyemwaga maziwa?"

Henna alicheka, kisha akaacha kucheka. Alirudisha kalipa mikononi mwa Irja. "Mama ana haki," akasema. "Programu inadhani ukichora unene wa miti, kila msitu una nundu moja, na miti mingi iko hapo kwenye nundu. Huu una nundu mbili na bonde katikati, nayo imejaza bonde. Hii miti tuliyoikuza miaka hamsini... haipo."

"Kwa hiyo mpango hauna maana," akasema Irja.

"Mpango ni mpango," akasema Veijo, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Tulipeana mkono. Hatukusema mpango utakaokupendeza wewe. Tulisema mpango."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Angeweza kukataa kutia sahihi. Hakuna ambaye angemshika mkono akamlazimisha. Lakini angekuwa Irja aliyerudisha mkono nyuma. Alitazama misonobari, akatazama kalipa.

"Programu yako," akamwuliza Henna, "inakula miti ya kweli? Au imezoea ya kuungaunga tu?"

"Inakula. Tukiwa na orodha iliyopimwa mti kwa mti tunaiingiza moja kwa moja, haiundi kitu. Lakini mama, ofisi haina mtu wa kupima. Na mpango unafungwa tarehe thelathini, maana mashine ya kukata imekwisha kupangiwa njia yake."

"Leo tarehe ngapi?"

"Tarehe nane."

"Mtu mnaye. Nitapima mimi."

Veijo aliangua kicheko kilichorusha ndege. "Wewe? Miti yote hii? Dada, wewe ukiinama kuchuma uyoga unaita zimamoto waje kukuinua!"

"Na wewe ukivuka kinamasi unaita padri. Mpango utakaotoka kwa miti ya kweli ndio tutakaoufuata, ukisema kata, ukisema acha. Mkono wangu uko palepale. Wako uko wapi?"

Veijo alikuna goti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kulipia mabomba. "Sawa. Lakini huyu binti akague. Achague miti ishirini mwenyewe, aipime. Vipimo vyako vikipishana na vyake zaidi ya nusu sentimita, karatasi ya kwanza inabaki."

"Nusu sentimita ni nyingi," akasema Irja. "Lakini sawa, kwa ajili ya goti lako."

Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa Palokangas, na chaki ya bluu mfukoni, na daftari lililofungwa kwa uzi shingoni, na chupa ya kahawa, na mkate mweusi wenye siagi. Alipima kama alivyofundishwa. Unasimama mbele ya mti, mgongo ukiwa upande ulikotoka. Unaubana kwa kalipa kwenye kimo cha kifua, mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini. Unasoma, unaandika, unatia alama na namba kwa chaki upande unakokwenda ili usiupime mara mbili. Hakuna mpimaji wa zamani aliyebeba fimbo ya kupimia kimo hicho. Kila mmoja alikuwa na alama mwilini mwake. Mwenzake Reino alitumia mfuko wa shati. Irja alitumia kifungo cha tatu cha koti lake la kazi, na koti lilikuwa lile lile.

Ilikuwa Septemba, na inzi wa porini, wale wanaokata mabawa yao wakishakuangukia na kutambaa kwenye nywele kama kupe, walimshukia kwa mamia. Alifunga kitambaa mpaka nyusi. Siku ya pili kiuno kilimwambia neno, siku ya tatu kikamwambia maneno. Alipima mikuusi kwa kupiga magoti pale matawi yalipokuwa chini mno kupita, na kila alipoinuka alijivuta kwa shina la mti aliokwisha kuupima, akiuambia, "Ahsante, kumi na mbili. Ahsante, tisa na nusu." Siku ya sita mvua ilinyesha tangu asubuhi, chaki ikawa haishiki; alirudi nyumbani, akaota moto, akarudi tena mchana na kisu, akawa anakwangua alama na namba ndogo kwenye gome badala ya chaki.

Veijo alipiga simu kila jioni. "Umefika ngapi?"

"Mia nne na ishirini."

"Ukianguka huko nani atajua?"

"Wewe. Nisipopokea simu utafurahi kwanza, halafu utajua."

Siku ya kumi na moja alimaliza. Misonobari mia mbili na kumi na miwili. Mikuusi elfu moja mia moja na kumi na minane. Kati ya sentimita ishirini na sentimita thelathini, miti mitano tu katika msitu mzima. Aliwasha sauna, akajimwagia maji, akalala kama gogo.

Henna alikuja tarehe ishirini. Alichagua miti ishirini kwa kura aliyopiga kwenye kompyuta, wakaitafuta mmoja mmoja kwa alama na namba. Henna alikuwa kijana wa siku hizi. Yeye alibeba fimbo nyepesi iliyokatwa mita moja na thelathini kamili. Aliisimamisha kando ya mti wa kwanza, akabana kalipa pale ncha ya fimbo ilipofika, akasoma. Akaandika. Mti wa pili, wa tatu, wa nne. Alipofika wa kumi Irja aliona kwamba binti ameacha kuongea.

"Sema," akasema Irja.

"Umepita, mama. Umepita vizuri. Milimita mbili hapa, tatu pale, mmoja tu umefika milimita nne. Nusu sentimita hakuna."

"Upande gani?"

Henna aligeuza ukurasa wa daftari.

"Nimekuuliza upande gani, mwanangu. Vyangu vimezidi au vimepungua?"

"Vimezidi. Vyote."

"Vyote kumi?"

"Vyote kumi."

Irja alichukua ile fimbo. Hakuisimamisha kando ya mti. Aliisimamisha kando yake mwenyewe, akanyooka kadiri mgongo ulivyokubali, akatazama chini. Ncha ya fimbo ilikuwa juu ya kifungo cha tatu, vidole vitatu vizima. Kifungo hakikuhama. Koti halikuhama. Aliyeshuka ni yeye. Tangu alipostaafu mpaka siku ile alikuwa amepungua kimo, kidogo kidogo, kama mshumaa, na hakuna aliyemwambia. Na miti yote elfu moja na zaidi alikuwa ameipima chini ya mahali pake, karibu na mizizi, ambako shina ni nene zaidi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwake kilikuwa kimeshonwa kwa uzi.

"Lakini ni kidogo sana," Henna akaharakisha kusema. "Mama, kwa programu hii si kitu. Na Veijo alisema nusu sentimita. Umo ndani. Mimi naandika umepita, basi, tunaenda kunywa kahawa."

Irja aliketi juu ya jiwe lile alilokalia Veijo. Kiuno kilimwambia, msikilize binti. Magoti yakasema vivyo hivyo. Aliokota inzi mmoja nyuma ya sikio, akambana kati ya kucha mbili.

"Tulipokuwa kazini," akasema, "mzee wetu wa kikosi alikuwa na neno moja. Kosa linaloyumba huku na huku ni la mkono, na mkono ni wa binadamu. Kosa linaloegemea upande mmoja ni uongo. Mimi nilikuja na kelele hapa kwamba miti yenu ni ya uongo. Sasa nikupe yangu iliyonenepeshwa?"

"Hakuna atakayejua."

"Wewe unajua. Mimi ninajua. Wa tatu unamtaka nani?"

"Zimebaki siku kumi, mama."

"Basi usinipotezee hii. Niachie fimbo."

Jioni ile Veijo alipopiga simu, Irja alimwambia yote, kifungo na vidole vitatu, bila kuficha. Veijo akasema taratibu, "Dada, mimi nilisema nusu sentimita. Umeshinda ukaguzi. Acha."

"Sikushindana na wewe."

"Ulishindana na nani?"

"Na ile karatasi," akasema, akakata simu, akaenda kupaka dawa ya kiuno.

Alianza upya na mti wa kwanza. Safari hii fimbo ilitangulia, kalipa ikafuata. Kazi ilikuwa ya mikono mitatu na yeye alikuwa na miwili, basi aliifunga fimbo kwa kamba kiunoni, na ilipomgonga magoti aliitukana kwa Kikarelia, lugha ya bibi yake, inayotukana vizuri. Hakuongea tena na miti. Siku ya nne ya mzunguko ule mguu uliteleza juu ya kuvu, akaanguka chali katikati ya mikuusi, akalala akitazama juu ambako vichwa vya misonobari vilikuwa vinakwenda na upepo. Alijipapasa. Hakuna kilichovunjika. Alijua kwamba akibaki amelala dakika tano hatainuka siku hiyo, kwa hiyo alibaki dakika mbili. Kisha akajivuta kwa shina lililokuwa karibu, akalipima. Kumi na nusu. Akaandika.

Tarehe ishirini na nane saa nane mchana aliandika mti wa mwisho. Henna alikagua miti mingine ishirini. Mmoja ulizidi milimita moja, mwingine ulipungua mbili, mwingine ulikaa sawasawa, mwingine ulizidi. Makosa yaliyumba huku na huku. Irja alicheka mpaka akashika mbavu, na Henna hakuelewa kwa nini mtu afurahie makosa kiasi kile.

Tarehe thelathini walikuwa watatu tena mezani. Irja alikuwa ameoka piirakka, zile ndogo za unga wa rai zenye wali wa maziwa ndani, na siagi ya mayai juu yake. Veijo alikula nne kabla kompyuta haijawaka.

"Leo sikuunda mti hata mmoja," akasema Henna. "Nimeingiza daftari la mama, mstari kwa mstari, kwa siku mbili usiku. Nimeikuza miaka hamsini, mara ishirini kwa njia tofauti. Matokeo ni haya."

Irja alivaa miwani.

"Kukata yote, hapana. Ukikata yote unaua mikuusi elfu moja iliyokwisha kupata miaka ishirini ya bure, halafu unapanda upya na kungoja upya. Hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Karatasi ya kwanza ilikosea kwa sababu haikuwa na hiyo mikuusi."

Irja alivuta pumzi.

"Lakini," akasema Henna, na alimtazama Irja, si Veijo, "misonobari imebana mwanga. Mpango unasema itolewe mia moja na arobaini. Ibaki sabini na miwili. Mikuusi yote iachwe ikue, na mashine isirudi kwa miaka ishirini."

Mia moja na arobaini kati ya mia mbili na kumi na miwili. Miwili kati ya mitatu. Irja aliijua yote. Aliipima mara mbili, akaikumbatia mara mbili, na sasa daftari lake mwenyewe, lililoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, ndilo lililoihukumu. Kama asingesema neno siku ile, wangekata kwa uongo na yeye angelalamika mpaka kaburini akiwa na haki. Sasa hakuwa hata na hiyo.

Veijo alisukuma sahani. Kwa mara ya kwanza tangu masika alisema kwa upole. "Dada. Ukisema hapana, sitakwenda popote kukushitaki. Mabomba nitayalipa polepole."

"Usinionee huruma, Veijo, itakuletea gesi. Nilitoa mkono?"

"Ulitoa."

"Basi lete kalamu."

Alitia sahihi, akaandika jina lake lote, na chini yake, pale palipoandikwa *mpimaji*, akaliandika tena, kubwa zaidi. Veijo akatia yake. Henna alikusanya karatasi akaeleza kwamba mashine itafika Jumatatu, dereva ana kioo mbele yake, kitamwonyesha idadi na unene, naye ataichagua miti akiwa anakwenda.

"Nani atachagua?" akauliza Irja.

"Dereva, mama. Ndivyo inavyofanyika."

"Dereva hatachagua. Dereva atakata ulio na utepe. Mpango wenu umetaja idadi?"

"Umetaja idadi."

"Umetaja mti kwa jina?"

Henna alifikiri, akatabasamu pole pole. "Hapana."

"Kuna roli ya utepe mwekundu kwenye banda," Irja akamwambia Veijo. "Lete. Na fimbo yangu ya kutembelea uchukue wewe, utaihitaji zaidi."

Mchana ule watu wa barabarani walimwona Veijo Tolvanen wa Lahti akivuka kinamasi kwa miguu yake, roli ya utepe imevaliwa mkononi kama bangili. Irja alitangulia. Alisimama mbele ya kila msonobari, akautazama juu mpaka kichwani na chini mpaka mizizini, akatazama mikuusi iliyokuwa inangoja mwanga chini yake, kisha akasema "huu" au akapita. Aliposema "huu" aliweka kiganja juu ya gome kwanza, na Veijo akafunga utepe. Hakulia. Alihesabu kwa sauti, ila kwenye hamsini na tatu kiganja kilikaa juu ya gome muda mrefu zaidi, kisha akaendelea.

Walipofika mia moja na thelathini na tisa, Veijo alisimama mbele ya msonobari mnene kuliko yote, ule wenye kovu la moto kwenye shina, sentimita hamsini na nne kwa kipimo cha pili. Aliupiga makofi kama mtu anayepiga makofi shingo ya farasi.

"Huu," akasema. "Huu peke yake ni bomba la jikoni na la bafuni. Tumalizie na huu, twende zetu."

"Huo haumo."

"Dada, huu ndio mnene kuliko yote! Karatasi inasema minene."

"Karatasi inasema mia moja na arobaini. Nimeisoma kuliko wewe." Irja aliuchukua utepe kutoka mkononi mwake, akatembea hatua kumi mpaka kwenye msonobari mwingine, ulionyooka, usio na kovu wala kisa, wenye mikuusi sita imejikunyata kivulini mwake. Akaweka kiganja. Akafunga utepe mwenyewe, mafundo mawili, akaukata kwa meno.

"Mia moja na arobaini," akasema. "Mkono wangu nimeumaliza. Sasa shuka polepole, ubao wa tatu umeoza."